Abebe Bikila: Shujaa wa Miguu na wa Mikono

Msomaji wa makamo akilisikia jina la Abebe Bikila, kitu cha kwanza kinachomjia akilini ni miguu. Mhabeshi aliyekimbia pekupeku mjini Roma akawashinda waliovaa viatu: ndivyo tulivyosimuliwa sote, na ndivyo tunavyowasimulia watoto wetu. Mimi nilizaliwa wakati Bikila amekwisha kukaa katika kiti cha magurudumu, na habari zake nilizipata kwa wazee wa Msambweni waliokuwa wakikutana barazani baada ya sala ya Alasiri, redio ikiwa katikati yao. Kwao, Bikila alikuwa hoja. Yeyote aliyelalamika kwamba hana chombo cha kufanyia kazi aliambiwa amkumbuke Mhabeshi asiyekuwa na viatu.

Lakini hadithi ya barazani ilikoma Roma, au ikizidi sana ilifika Tokyo. Nusu ya pili ya maisha ya mtu huyu haikuwa ikisimuliwa. Leo nataka kuzisimulia nusu zote mbili, kwani ile iliyoachwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wakazi wa Kwale na pwani ya kusini.

MWANA WA HABASHA

Nchi ya Habasha si ngeni masikioni mwa Waislamu wa pwani. Ndiko walikohamia Masahaba wa mwanzo walipoudhiwa Makka, wakapewa hifadhi na Najashi. Na Bilal, mwadhini wa Mtume, asili yake ni ya huko. Abebe Bikila yeye alikuwa Mkristo. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa, siku ile ile ambayo marathoni ya Olimpiki ilikuwa ikikimbiwa mjini Los Angeles, Marekani. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu tu Waitalia walipoivamia nchi yake mwaka 1935.

Alipokuwa kijana aliingia katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko alikuwako mwalimu wa mazoezi, Onni Niskanen, aliyetoka Sweden, na huyo ndiye aliyeligundua jambo lililokuwa limefichika ndani ya askari huyu mwembamba asiye na maneno mengi. Niskanen alimfunza kukimbia kwa hesabu: kuinua kichwa, kutulia mikono, kutopoteza nguvu kwa jambo lisilo na faida. Mlima alikuwa nao tangu utotoni. Sasa alipata elimu ya kuutumia.

Roma hakuna aliyemtazamia. Viatu vipya alivyojaribu huko vilimbana na kumuumiza, naye alikuwa amezoea mazoezi ya pekupeku, basi akaona heri aende na nyayo zake. Mbio zilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 1960, zikaanza jioni ili kuepuka joto la mchana. Giza lilipoingia, askari walisimama kando ya barabara wameshika mienge. Waliobaki mbele walikuwa Waafrika wawili, Bikila na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, bega kwa bega, wakipita katika barabara za kale za Warumi.

Karibu na mwisho wa njia ile palikuwa na mnara wa jiwe wa Aksum, ambao Waitalia waliuchukua Habasha wakati wa uvamizi wao wakausimamisha mjini mwao. Bikila alikuwa ameutia alama alipokagua njia kabla ya siku ya mashindano. Alipoukaribia, akamwacha mwenzake. Akamaliza chini ya tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akavunja rekodi ya dunia. Rhadi alifika sekunde 25 baadaye. Jiwe lile lenyewe lilirudishwa kwao mwaka 2005, baada ya miaka mingi ya kudaiwa.

Miaka minne baadaye, huko Tokyo, watu walidhani hatakimbia kabisa. Alikuwa amepasuliwa kidole tumbo mwezi Septemba, na marathoni ilikuwa tarehe 21 Oktoba 1964. Akaenda, safari hii na viatu, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi nyingine ya dunia, akimtangulia Mwingereza Basil Heatley kwa dakika nne nzima. Watazamaji walimwona akilala majanini na kunyoosha viungo kana kwamba ndiyo kwanza ajitayarishe kuanza. Hakuna mtu kabla yake aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Katika michezo hiyo hiyo ya Tokyo, Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mita 800. Mlango ulioufunguliwa na Mhabeshi ulikuwa umekwisha kupitiwa na jirani.

USIKU WA GARI

Huko Mexico mwaka 1968 mguu ulimuuma, akalazimika kutoka njiani, na ushindi ukaenda kwa mwananchi mwenzake, Mamo Wolde. Pengine angelirudi tena. Lakini usiku wa tarehe 22 Machi 1969 alikuwa akiendesha gari lake dogo aina ya Volkswagen, alilopewa baada ya ushindi wa Tokyo. Gari likamshinda, likapinduka, naye akakwama ndani mpaka asubuhi, watu walipomfikia na kumtoa. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia. Hapo mwanzo hata mikono haikumtii.

Alisafirishwa hadi Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa huko miezi kadhaa. Mikono ikarudi. Miguu haikurudi tena maisha yake yote.

Hapa yafaa nimtaje mtu wa pili wa hadithi hii, Daktari Ludwig Guttmann. Huyu alikuwa Myahudi wa Ujerumani aliyeikimbia serikali ya Hitler mwaka 1939. Mwaka 1944 Waingereza walimpa wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo vitani. Siku hizo mtu wa namna hiyo alilazwa kitandani kungojea mauti, maana vidonda vya mgongo na maradhi ya figo vilikuwa vikiwaua wengi upesi. Guttmann aliwageuza ubavu kwa saa maalumu, aliwaosha, akawakaza misuli, kisha akafanya jambo lililowashangaza madaktari wenzake: akawapa michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, alikusanya askari 16 wenye viti katika uwanja wa hospitali, wakashindana kwa upinde na mishale. Kwa Guttmann mchezo ulikuwa dawa, na zaidi ya dawa, ulikuwa njia ya kumrudisha mtu miongoni mwa watu.

Mwaka 1960 alivihamisha viti vyake hadi Roma. Tarehe 18 Septemba, siku nane tu baada ya Bikila kumaliza mbio zake kwa mwanga wa mienge, wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23 walifungua katika mji huo huo mashindano ambayo leo yahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Mtu aliyekimbia pekupeku na watu waliokuja na viti walitumia mji mmoja, mwezi mmoja, na hapana aliyejua kwamba baada ya miaka tisa mmoja wao angeletwa kitandani katika hospitali ya wengine.

MITA MIA MOJA

Bikila hakukaa bure. Mwezi Julai 1970 alishindana katika michezo ya viti ya Stoke Mandeville, kwa upinde na kwa mpira wa meza. Mwezi Aprili 1971 alialikwa Norway kuwa mgeni katika michezo ya walemavu. Mgeni akakataa kuwa mgeni, akaingia mashindanoni. Pamoja na mishale na mpira wa meza, alishiriki mbio za sleji, kile chombo cha kuteleza juu ya theluji, akawashinda wote. Huyu ni mtu wa Habasha, msomaji, na theluji ile haikuwa ya kwao.

Sasa nalileta jambo ambalo kila nikilifikiri hunikaa moyoni. Mtu huyu alikuwa bwana wa kilomita 42 kuliko binadamu yeyote wa zama zake. Alijua lini pumzi ihifadhiwe na lini itumike, alijua kuzungumza na uchovu. Elimu hiyo haikukaa miguuni, ilikaa kichwani na kifuani, na ajali haikuigusa. Lakini alipokaa katika kiti, marathoni ya viti haikuwako. Mbio za viti ziliingizwa Tokyo mwaka 1964, nazo zilikuwa za mita 60. Hata katika Paralimpiki ya Heidelberg mwaka 1972, ambayo Kenya ilipeleka timu kwa mara ya kwanza, mbio hizo hazikuzidi mita 100 kwa mtu mmoja. Iliaminika kwamba mwendo mrefu ungewadhuru wenye viti. Basi bingwa wa marathoni akapewa upinde.

Mwaka huo huo wa 1972 alikuwa mgeni wa heshima katika Olimpiki ya Munich. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Aliyeshinda marathoni, Mmarekani Frank Shorter, alikwenda kumpa mkono. Ilikuwa heshima kubwa, wala sitaki kuipunguza. Lakini ilikuwa heshima anayopewa mtu kwa jambo alilokwisha kulifanya.

Tarehe 25 Oktoba 1973 Abebe Bikila alifariki mjini Addis Ababa kwa kuvuja damu ubongoni, tatizo lililotokana na ajali ile ile. Alikuwa na umri wa miaka 41. Alimwacha mke na watoto wanne. Mfalme alitangaza siku ya maombolezo, na maelfu kwa maelfu walimsindikiza kaburini.

Haukupita muda mrefu. Mwaka 1975, miaka miwili hata haijatimia tangu kifo chake, kijana wa Kimarekani aitwaye Bob Hall, aliyepata polio utotoni, aliomba kuingia katika marathoni ya Boston kwa kiti chake. Aliambiwa kwamba akimaliza chini ya saa tatu atapewa cheti kama wakimbiaji wengine. Akamaliza kwa saa 2 na dakika 58. Mwaka 1981 Wajapani walianzisha mjini Oita mashindano ya barabarani ya viti vitupu. Marathoni ya London iliwapokea wenye viti mwaka 1983. Mwaka 1984 marathoni ya viti ikaingia katika Paralimpiki, na mbio hizo za kwanza zilifanyika Stoke Mandeville, pale pale alipolazwa Bikila. Mwaka 2004, Athens, baiskeli za mikono nazo zikapata mashindano yao ya Paralimpiki. Na mwaka huo huo Mkenya Anne Wafula, aliyeugua polio akiwa mtoto, aliiwakilisha nchi yetu katika mbio za viti.

Na wale waliosema kwamba mwendo mrefu utawadhuru walijibiwa na saa. Mwaka 2021, huko Oita, Marcel Hug wa Uswisi alimaliza marathoni kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47. Kelvin Kiptum wetu, marehemu, aliyekimbia kwa miguu kuliko binadamu wote hadi siku ile ya Chicago mwaka 2023, alitumia saa 2 na sekunde 35. Mwenye kiti angemngoja mwisho wa njia kwa zaidi ya dakika 40.

VYOMBO VIWILI

Yafaa nieleze tofauti ya vyombo hivi, maana wengi huvichanganya. Kiti cha mashindano kina magurudumu matatu: mawili makubwa yaliyoinama kuelekea kwa mwenye kiti, na moja dogo lililo mbali mbele. Mkimbiaji huinama kifua karibu na magoti, na kwa glavu ngumu huipiga pete iliyo kandoni mwa gurudumu. Hakina mnyororo. Baiskeli ya mikono ni chombo kingine: ina mnyororo na pedali, ila pedali ziko mbele ya kifua na huzungushwa kwa mikono. Ile ya mashindano ni nyepesi, ina giya nyingi, na mwendeshaji hulala chali karibu na ardhi ili upepo usimzuie. Kwa sababu ya mnyororo na giya, vyombo hivi viwili havishindanishwi pamoja. Kila kimoja huwa na safu yake.

Na baiskeli ya mikono, kwetu, si kitu cha kuagizwa tukijue. Ni ile baiskeli ya miguu mitatu tunayoiona Likoni kivukoni na Ukunda sokoni, ya chuma kizito, giya moja, kikapu nyuma. Mwenye nayo hupanda, hushuka, hubeba mzigo wake na pengine wa mwenzake, katika jua la Kaskazi. Chama cha walemavu wa viungo cha Kenya kilianzishwa mwaka 1958, na karakana zake za Bombolulu, Mombasa, zilianza mwaka 1969, mwaka wa ajali ya Bikila. Basi si kwamba pwani haina mafundi, wala si kwamba haina mikono yenye nguvu. Mtu afanyaye biashara kwa baiskeli ile mwaka mzima amekwisha kufanya mazoezi ambayo wakimbiaji wengine huyalipia.

Wala njia haikosekani. Anayeondoka kivuko cha Likoni kwa barabara kuu ya Lungalunga, kilomita 42 humpitisha Ukunda na kumwacha akielekea Gazi, kabla ya Msambweni. Ni lami, na sehemu kubwa ni tambarare. Kwale mjini ni habari nyingine, kwa kuwa mlima wa Shimba si mchezo hata kwa gari. Lakini Diani na ukanda wote wa chini wafaa.

Kinachokosekana nilikishuhudia kwa macho. Katika mashindano fulani ya barabarani ya pwani hii, ambayo sitayataja, kijana mmoja alikuja asubuhi na mapema na baiskeli yake ya mikono, ameifuta, amejaza upepo. Aliambiwa kwamba atawazuia wakimbiaji. Hakufukuzwa, la, alipewa fulana na chupa ya maji, akawekwa kivulini, akaombwa awapigie makofi wenzake. Waliofanya hivyo walikuwa watu wema na walidhani wametenda wema. Kijana alishukuru, akaivaa ile fulana, akapiga makofi.

Sisi wenye chuo na elimu ya dini twajua kusaidia. Siku ya Ijumaa mkono hauwi mzito mlangoni mwa msikiti. Lakini sadaka ina mahali pake, na haki ina mahali pake, na Surat Abasa tuliihifadhi sote tukiwa watoto. Twajua iliteremka kwa ajili ya nani, na kwamba kipofu yule hakuja kuomba chakula. Alikuja kutaka elimu kama wengine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, nayo yamtaka mlemavu atendewe kwa heshima na afikie mahali pa umma. Barabara ni mahali pa umma.

Na lugha yetu yenyewe imetutangulia. Kiwete, kipofu, kiziwi: kwa umbo maneno hayo yamewekwa pamoja na kiti na kisu, na kwa sababu hiyo wengi leo wapendelea kusema mtu mwenye ulemavu, nami nakubaliana nao. Lakini sikiliza kitenzi. Hakuna Mswahili asemaye kiwete kimefika. Husema kiwete amefika. Jina laweza kumweka mtu pamoja na vitu, lakini akianza kutenda, lugha humrudisha haraka miongoni mwa watu. Guttmann aliligundua jambo hilo kwa upinde na mishale. Wahenga wetu walikuwa wamekwisha kulitia katika sarufi.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandalizi wa mbio, Diani, Ukunda, Msambweni na kwingineko, ni la kazi tu. Wenye viti na wenye baiskeli za mikono waanze dakika chache kabla ya wakimbiaji, kama ifanywavyo katika miji mikubwa, ili wasigongane. Breki zikaguliwe. Njia iwe lami mpaka mwisho, si mchanga wa ufuoni. Muda wao uandikwe kwa saa ile ile, na zawadi yao itokane na ushindi, itajwe hadharani kabla ya siku yenyewe, isiwe bahasha ya huruma itolewayo mwishoni.

Abebe Bikila alizijua kilomita 42 kwa miguu kuliko watu wote wa wakati wake. Kwa mikono hakupata kuzijaribu, kwani hakuna aliyewaza kumchorea mstari wa kuanzia. Mstari huo huchorwa kwa chokaa, nayo pwani hii haijapata kupungukiwa na chokaa.